Kadi Gani? Mwongozo kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Neno kadi tulilichukua kwa Waingereza, tukalipa kazi nyingi kuliko walizolipa wao. Mkazi wa Dongobesh anaweza kulisikia siku nzima, na kila anapolisikia kinachotakiwa ni kitu kingine. Nesi wa kliniki anataka kadi. Dirisha la malipo hospitalini linataka kadi. Trafiki aliyesimama njia panda anataka kadi, na jioni mjumbe wa kamati ya harusi anauliza kama kadi imefika. Hakuna anayetaja ni kadi ya nini, kwa sababu kwake yeye kadi ni moja tu, ile ya mezani kwake.

Makala haya yanazipitia kadi hizo kwa ajili ya msomaji wa Mbulu na Hanang: ipi inafanya nini, ipi haifanyi kile unachodhani, na ikipotea uanzie wapi.

Mtu akitaja kadi bila kueleza, sikiliza kitenzi alichokitumia. Kadi inayokatwa ni ya bima au ya chama. Inayorudishwa ni ya chama, na kurudisha kwenyewe ni habari ya siasa. Inayomezwa ni ya benki, na iliyoimeza ni mashine. Inayowekwa bondi aghalabu ni ya gari au pikipiki. Inayolambwa ni ya mpirani. Inayochangiwa ni ya harusi. Ile ya mtoto haina kitenzi chake maalumu, hiyo inaulizwa tu, "Kadi iko wapi?", na mama anatakiwa kuelewa.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Karibu kila kadi ina daftari nyuma yake, liwe la karatasi au la kwenye kompyuta. Haki yako imeandikwa kwenye daftari. Kadi ni kitu cha kukuelekeza ulipoandikwa. Kadi ikiungua au ikienda na maji, daftari linabaki, na kazi yako ni kwenda kwa mwenye daftari na kuthibitisha kwamba wewe ndiye yule aliyeandikwa. Wakazi wa Katesh, Gendabi na Jorodom hawahitaji kuelezwa umuhimu wa jambo hilo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba pamoja na kila kilichokuwa ndani, masanduku ya nyaraka yakiwemo.

Kadi ya kliniki

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Haina plastiki ngumu wala picha, na mara nyingi inahifadhiwa kwenye mfuko wa rambo. Mjamzito anapoanza kliniki anapewa kadi namba 4, na mtoto akizaliwa anapata yake, namba 1. Katika zahanati yoyote siku ya kliniki utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Bibi, kadi ya mtoto iko wapi?"

"Si hiyo uliyoshika, mwanangu."

"Hii ni ya bima, bibi. Nataka ile ya kupimia uzito."

Bibi hajakosea. Ameambiwa aje na kadi, naye kaja na ile yenye picha, inayoonekana ya maana zaidi.

Kadi ya mtoto ina mambo mawili makubwa. La kwanza ni chanjo. Akizaliwa anapata BCG ya kuzuia kifua kikuu na matone ya polio. Akifika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anarudi kwa chanjo ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kichomi, pamoja na nyingine za polio, nimonia na kuhara. Surua na rubela ni miezi 9, kisha tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto anakuwa keshatembea na mama keshazoea kukaa bila kliniki. Ifungue kadi ya mtoto wako leo uangalie kama nafasi hiyo imejazwa tarehe.

La pili ni mstari wa uzito. Kila mwezi nesi anaweka nukta, na nukta zinaungana kuwa mstari. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala bapa miezi miwili mfululizo, uliza sababu hata kama nesi hakusema kitu, kwani mtoto anaweza kuonekana mzima huku mstari unasema vingine. Ukishuka, usingoje kliniki ijayo. Daftari la zahanati lina jina la mtoto na tarehe za chanjo, lakini mstari wenyewe, mwezi kwa mwezi, uko kwenye kadi uliyonayo. Kwa hiyo hapa ile kanuni ya daftari inalegea: ukiipoteza hii, umepoteza sehemu ya kumbukumbu yenyewe. Ukihama kutoka Yaeda Chini kwenda Haydom, au ukienda Babati kumuuguza ndugu, mtoto asafiri na kadi yake.

Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa, hata kama imeandikwa tarehe, mahali na jina la mama. Cheti hutolewa na RITA, na wilayani shughuli hiyo hufanyika kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, yaani Mbulu mjini au Katesh. Ila kadi hiyo inasaidia kukipata: mtu anayesajiliwa akiwa amechelewa hudaiwa ushahidi wa kuzaliwa kwake, na kadi ya kliniki au ya ubatizo ni miongoni mwa ushahidi unaopokelewa. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu huanza kukitafuta cheti hicho akiwa na miaka 19 au 20. Mama aliyetunza kadi anamwokolea safari nyingi.

Kadi za matibabu

Hanang ina historia yake katika jambo hili. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulipokuwa unajaribiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuanzia Igunga, Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuupokea, kabla hata ya sheria yake ya mwaka 2001. Wazee wa Endasak na Nangwa wanaweza kukumbuka kadi zile za kaya. Baadaye ukaja mfumo ulioboreshwa: kaya ya watu hadi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mpango mpya, kwa hiyo kabla ya kukata au kuhuisha kadi uliza zahanati au ofisi ya kijiji kiwango cha sasa na huduma zilizomo. Usitoe fedha kwa mtu usiyemjua anayepita nyumba kwa nyumba, na ukitoa dai risiti.

Kadi ya kaya haikupeleki moja kwa moja hospitali kubwa. Mgonjwa anaanza zahanati au kituo cha afya cha karibu, na ikibidi anaandikiwa rufaa. Bila rufaa, kadi inaweza kuwa halali na bado ukaambiwa ulipe taslimu. Kabla ya safari ndefu kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia watu wa Mbulu, Hanang na hata Singida tangu 1955, uliza kwanza kama kadi uliyonayo inapokelewa huko na kwa huduma zipi.

Kadi ya NHIF ni nyingine. Wengi wanaipata kupitia ajira, na mwanachama anaweza kuorodhesha wategemezi, jumla yao wote watu 6 pamoja naye. Kila mmoja ana kadi yake yenye picha. Kumwazima ndugu kadi ya NHIF ni kosa, lakini hata tukiweka sheria kando, ugonjwa wake utaandikwa kwenye taarifa zako. Siku ukifika umezimia, daktari atasoma historia ya mtu mwingine.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatambuliwa kwa kitambulisho cha matibabu bila malipo, ambacho wengi wanakiita kadi ya wazee. Kinaanzia kwenye serikali ya kijiji, si hospitalini. Na ile inayoitwa kadi ya hospitali, karatasi ndogo yenye namba ya faili, haikusamehi malipo yoyote. Kazi yake ni kulipata faili lako haraka. Itunze, maana ukifunguliwa faili jipya kila ziara, majibu ya vipimo vyako yanatawanyika.

Kuna pia kadi ya CTC, ya wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mgonjwa, kwa hiyo si mwajiri, si mwenyekiti wa kitongoji wala si jirani mwenye haki ya kudai kuiona. Kadi ya mchangia damu nayo ina faida moja ya papo kwa papo: inaonyesha kundi lako. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Kura na chama

Kadi ya mpiga kura inatolewa bure na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na inatumika katika kumchagua rais, mbunge na diwani. Katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na kitongoji haina kazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa una daftari lake tofauti, linaloandikishwa hapo hapo kitongojini chini ya TAMISEMI. Mwaka 2024 uandikishaji huo ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura zikapigwa 27 Novemba. Aliyekaa nyumbani Oktoba ile kwa kujiamini kwamba "kadi ninayo" hakuwa na jina siku ya kura. Kosa hilo hurudiwa kila baada ya miaka mitano, na kwa maoni yangu sababu yake kubwa ni kwamba madaftari mawili yanazungumzwa kana kwamba ni moja.

Aliyehama, tuseme kutoka Bassotu kwenda Endagikot, anatakiwa kuhamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji wa daftari. Iliyopotea au kuchakaa hubadilishwa wakati huo huo. Katika Uchaguzi Mkuu wa 2020 Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi kupiga kura kwa pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, sharti jina liwe kwenye daftari na majina yafanane. Hilo sharti la majina nitalirudia. Na asiwepo mtu, awe balozi au mgombea, wa kukusanya kadi zenu "kuzihakiki" au kuzinunua. Kuuza kadi ya kura ni kosa, na kuinunua pia.

Kadi ya chama ni mali ya chama na uanachama wake. Kwa wazee wengi ilikuwa kadi ya kwanza maishani, ile ya TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 na ambacho kadi yake namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere. Inaweza kukupa nafasi ya kupiga kura za maoni ndani ya chama. Haikuandikishi kupiga kura ya taifa, haikupi bima, wala haiwi sharti la kupata huduma ya serikali. Ukiambiwa uionyeshe ili upewe mahindi ya msaada, umeonewa, na mahali pa kulalamika ni kwa mtendaji wa kata au mkuu wa wilaya.

Wanaohudumiwa na TASAF wana kitambulisho cha kaya wanachokiita kadi ya TASAF. Malipo yake yanaangalia pia kama watoto wanahudhuria shule na kliniki, ndiyo maana ile kadi ya mfuko wa rambo inaweza kugusa fedha za kaya nzima.

Pikipiki, benki na laini

Barabara ya Mbulu kwenda Haydom imejaa pikipiki zilizouzwa mara mbili au tatu huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza. Muuzaji anaona amemaliza kazi alipopokea fedha. Hajamaliza. Pikipiki ikigonga mtu au ikitumika kwenye wizi wa ng'ombe, polisi wanaanza na jina lililo kwenye kadi. Mnunuzi naye hana usalama, kwa sababu mwenye jina akifariki, warithi wake wanaweza kuidai. Uhamisho hufanyika TRA: mnatakiwa kuwa na mkataba wa mauziano, kadi halisi, namba za mlipakodi na vitambulisho vya pande zote mbili, kisha mnalipa ada na ushuru wa stempu. Fanyeni wiki ile ile ya mauzo, wakati mwenzako bado anapokea simu.

Kwa bodaboda wa mkataba, kadi hukaa kwa tajiri hadi fedha iishe, na dereva anatembea na kopi. Si vibaya. Kibaya ni mkataba wa mdomo. Yaandikwe jumla ya deni, kiasi cha kila wiki na siku ambayo kadi itabadilishwa jina, na kila malipo yasainiwe kwenye daftari ambalo dereva ana nakala yake. Nimeona mikataba isiyotaja kabisa kwamba kadi itabadilishwa, na dereva aliyesaini haoni tatizo hadi siku anapomaliza.

Kadi ya benki ndiyo ya kutolewa taarifa kabla ya nyingine zote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo anayeiokota anaweza kuitumia usiku huo huo. Ikipotea, piga simu benki ifungwe, ndipo uende polisi. Mashine ikiimeza, usikubali msaada wa mtu aliyesimama nyuma yako, na usimtajie yeyote namba ya siri, hata anayejitambulisha kuwa wa benki. Ukiipiga picha, usiitume: namba 16 za mbele na tatu za nyuma zinatosha kununulia vitu mtandaoni.

Hatari kubwa zaidi kwa walimu, wauguzi na watendaji wa vijijini ni wakopeshaji wa kausha damu, wanaochukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri kama dhamana, kisha mshahara ukiingia wanatoa wao. Kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti ya benki yako, na fedha ikipotea huna pa kulalamikia. Mkopeshaji halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na anakupa mkataba unaotaja riba. Muombe avionyeshe vyote viwili kabla hujaonyesha chako.

Kadi ya simu siku hizi hatuiiti kadi, tunaiita laini, ila dukani bado utasikia mzee akiomba "kadi ya Voda". Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa, na usajili unafuata namba ya NIDA. Piga *106# kwenye simu yako uone laini ngapi zina jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe, kwa sababu akitapeliwa mtu kwa laini hiyo mtuhumiwa ni wewe. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" uupeleke 15040.

Harusi na mpira

Hapa nitapita haraka, ingawa kadi za harusi ndizo zinazotumaliza fedha. Kadi ya mchango inakuja kwanza na ni ombi. Kadi ya mwaliko inakuja baadaye, na ni kwa aliyechanga. Ikiandikwa single ni mtu mmoja, double ni wawili, na mlangoni hakuna mjadala. Siku hizi kadi inakuja kama picha ya WhatsApp. Picha haina neno. Ikija kama faili linaloishia na apk, usilifungue hata kama limetumwa na shangazi, maana hiyo ni programu inayoweza kuingia kwenye simu yako, na huenda simu ya shangazi imeshaingiliwa.

Kadi nyekundu na njano zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico, kwa wazo la mwamuzi Mwingereza Ken Aston. Kutoka uwanjani zimehamia kazini na majumbani: anayeonywa amelambwa njano, aliyefukuzwa amelambwa nyekundu. Lakini mtu wa afya mpakani au uwanja wa ndege akikuuliza kadi ya njano, haongelei mpira. Anataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chenye rangi hiyo. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, na huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanja jioni ya kuamkia safari.

Jina lako limeandikwaje?

Kwa wilaya hizi mbili, jina ndilo linalowakwamisha watu kuliko kadi kupotea. Kiiraqw na Kidatoga vina sauti ambazo Kiswahili hakina, na kila karani huziandika anavyosikia. Qwaray wa kadi ya ubatizo anakuwa Kwaray kwenye kadi ya kura na Qwarai benki. Tluway anakuwa Tluwai, au Tulway kwa karani aliyetoka mkoa mwingine. Hhawu anapoteza herufi moja, Gidamis anaongezewa i. Hata majina ya mahali yana tabia hiyo: Haydom na Haidom, Bassotu na Basotu, Katesh na Kateshi. Kwa macho ya jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na mmoja tu kati yao ndiye mwenye fedha.

Wanawake wanaumia zaidi. NIDA wameandikwa kwa jina la baba na babu. Kliniki, nesi akiuliza haraka, wanaandikwa kwa jina la mume. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa wanaitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Mume akifariki, au bima ikihitaji kuthibitisha nani ni mama wa mtoto, karatasi hizo tatu zinabishana.

Dawa yake ni kuchagua tahajia moja na kuisimamia. Kwa mtu mzima mwenye namba ya NIDA, chukua ile iliyoko NIDA, hata kama huipendi, kwa sababu benki, laini, TRA na NHIF zote zinaiangalia hiyo. Namba yako unaweza kuiulizia kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Soma hizo kwanza, maana tarehe iliyokosewa pale itakufuata hadi kwenye mafao ya uzeeni. Ukikuta kosa la kweli, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na ushahidi wako, kama cheti cha kuzaliwa, cha shule au cha ubatizo. Kama majina yanatofautiana tu kati ya nyaraka, wakili au hakimu anaweza kukuandalia kiapo kinachosema kwamba Qwaray na Kwaray ni mtu mmoja. Tengeneza nakala kadhaa zilizogongwa mhuri, kwa sababu kila ofisi itabaki na moja.

Kwa mtoto mchanga kazi ni rahisi zaidi. Andika jina kwenye kipande cha karatasi kabla ya kwenda kliniki, majina yote matatu, kwa herufi kubwa, umpe nesi anakili. Hutamkasirisha. Wengi wao watashukuru, hasa aliyepangiwa Masieda akitokea Mtwara.

Ikipotea, na mwenyewe akifariki

Iliyoibwa na iliyopotea hazifuati njia moja polisi. Ukiibiwa unafungua shauri na kupewa RB. Ikipotea yenyewe unachukua ile inayoitwa losi ripoti, ambayo sasa inaombwa pia kwa mtandao. Orodhesha kila kitu kilichokuwemo kwenye pochi kwa namba zake, ili ripoti moja itumike ofisi zote. Hapo ndipo picha zinapokuwa na thamani: piga picha ya kila kadi mbele na nyuma, isipokuwa kadi ya benki, na mtumie ndugu anayeishi mbali na mto au mlima ulio juu yako. Kopi iliyofungwa kwenye nailoni na kukaa kwa mwanao Babati inafaa kuliko ya asili iliyo chini ya godoro Katesh.

Mwenye kadi akifariki, familia nyingi zinaikimbilia ya benki kwa sababu mtoto mmoja anaijua namba ya siri. Fedha zikitolewa hivyo, anayezitoa anajiingiza kwenye kesi na ndugu zake, hata kama zilinunua jeneza. Njia yenyewe ni kupata cheti cha kifo RITA, kikao cha ukoo kuandika muhtasari na kumpendekeza msimamizi, kisha kufungua mirathi mahakamani, ambako kwa familia nyingi za vijijini ni mahakama ya mwanzo. Msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayezungumza na benki, kampuni ya simu kuhusu salio la laini, na TRA kuhusu pikipiki. Kadi ya NHIF inarudishwa kwa mwajiri au ofisi ya mfuko. Ya kura inatolewa taarifa wakati wa uboreshaji wa daftari ili jina liondolewe. Kadi ya kliniki ya mama aliyefariki akijifungua ibaki na anayemlea mtoto, kwa sababu daktari anaweza kuhitaji kujua mimba ile ilikwendaje.